Wanafunzi wa Majengo Wasiachiwe Mtandao Pekee

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Niliukumbuka msemo huo majuzi nilipoketi na rafiki yangu mmoja ambaye ni mhadhiri wa usanifu majengo katika mojawapo ya vyuo vyetu, tukiitazama michoro ya wanafunzi wake wa mwaka wa tatu. Walikuwa wametakiwa wachore nyumba ya kupangisha ya orofa mbili itakayojengwa mjini Kisumu, pamoja na kuonyesha jinsi ukuta, paa na msingi vitakavyoungwa.

Mchoro mmoja ulinivutia kwa unadhifu wake. Mistari ilikuwa imenyooka, vipimo vimeandikwa kwa uangalifu, na kila tabaka la ukuta lilikuwa limepewa rangi yake. Ukuta wenyewe ulikuwa wa fremu ya mbao iliyojazwa sufi nene ya kuzuia joto lisitoroke, na upande wa ndani palikuwa na karatasi ya plastiki ya kuzuia mvuke. Paa lilikuwa limeinuliwa mno. Madirisha makubwa yote yalikuwa yameelekezwa kusini.

Ndugu msomaji, Kisumu ni mji ulio karibu mno na ikweta, tena kando ya ziwa. Hakuna theluji ya kuteremka paani. Hakuna majira ya baridi kali yanayomlazimu mtu kuufungia mvuke wa nyumba yake usifike kwenye ukuta ulioganda. Na jua la Kisumu halikai kusini mwaka mzima: mwezi wa Juni saa sita mchana huwa upande wa kaskazini, Desemba likahamia kusini, huku asubuhi na jioni likizipiga kuta za mashariki na magharibi kwa ukali. Rafiki yangu alipomwuliza mwanafunzi huyo alikoutoa ukuta wake, kijana alijibu kwa adabu na bila kusitasita, "Mtandaoni, mwalimu. Ni somo la chuo kikuu mashuhuri."

Kijana hakusema uongo. Somo lile lilikuwa la kweli, na ukuta ule ni ukuta mwema kabisa mahali palipo na baridi ya kugandisha maji. Kosa halikuwa la mtandao. Aidha, sithubutu kusema lilikuwa la mwanafunzi peke yake. Kosa lilikuwa letu sisi tuliomwachia mtandao ufundishe ujenzi bila mwalimu kusimama kati ya kioo na karatasi, na bila mikono ya mwanafunzi kuugusa udongo, mchanga na saruji ya nchi yake.

Nisije nikaeleweka vibaya, naomba niutolee mtandao haki yake kwanza. Chuo cha ufundi kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kilipowapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, mwalimu aliyetaka kuonyesha jinsi daraja la mbali lilivyojengwa hakuwa na budi kutegemea kitabu kimoja kilichogombaniwa na darasa zima. Leo mambo yamegeuka. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kingeyaweka masomo yake mtandaoni bila malipo, na vyuo vingi duniani vikaiga mfano huo. Hapa kwetu, mtandao wa elimu wa KENET ulioanzishwa mwaka 1999 umeviunganisha vyuo vikuu, na nyaya zilizopitishwa chini ya bahari hadi Mombasa mwaka 2009 zikatuondolea adha ya kutegemea setilaiti pekee. Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipofunga milango ya vyuo, ni mtandao huo huo uliowaokoa wanafunzi wasipoteze mwaka wote bure.

Tena kuna mambo ambayo mtandao huyafundisha kuliko ubao. Mwalimu anaweza kueleza kwa saa nzima jinsi tetemeko la ardhi linavyolivunja jengo lisilo na viungo imara, lakini filamu ya dakika 3 ikayamaliza maelezo yote. Mwanafunzi wa Juja anaweza kuitazama kwa makini kampasi ya Startup Lions, iliyojengwa kando ya Ziwa Turkana na kukamilika mwaka 2021 kwa usanifu wa Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso aliyetunukiwa Tuzo ya Pritzker mwaka 2022. Ataona jinsi minara yake mirefu, iliyobuniwa kwa kuiga vichuguu vya mchwa, inavyoivuta hewa yenye joto ipande juu na kutoka, ili hewa baridi iingie kupitia chini. Nauli ya kwenda Turkana na kurudi si kitu cha kila mzazi. Kwa hiyo, anayetaka mtandao ufukuzwe katika madarasa ya ujenzi hana hoja, na mimi simo katika kundi hilo.

Hoja yangu ni nyingine. Ujenzi ni elimu iliyofungamana na mahali. Hesabu ya Nairobi ni hesabu ya Tokyo, lakini ukuta wa Nairobi si ukuta wa Tokyo, na msingi wa Limuru si msingi wa Athi River. Mtandao hauwezi kuujua udongo alioukanyaga mwanafunzi akija darasani. Tena mtandao humwonyesha mambo yaliyofaulu. Ni nadra sana kumwonyesha fundi akikosea, akibomoa na kuanza upya, ilhali hapo ndipo ujenzi hufundishika.

Tuchukue mfano wa zege, au konkriti kama waiitavyo mafundi wetu. Hakuna mwanafunzi wa usanifu asiyejua kwamba zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Filamu za kuieleza ni tele. Lakini siri ya zege imo katika maji. Mwaka 1918 mtaalamu mmoja wa Chicago, Duff Abrams, alichapisha matokeo ya majaribio yake akaonyesha kwamba nguvu ya zege hutegemea hasa uwiano wa maji na saruji: kadiri maji yanavyozidi, ndivyo nguvu inavyopungua.

Hebu tulete jambo hilo nyumbani. Mfuko wa saruji wa kilo 50, ukitaka uwiano wa nusu kwa moja, unahitaji maji lita 25, yaani mtungi wa lita 20 na robo yake, tena ukihesabu na umande uliomo mchangani. Sasa msomaji aende kwenye mjengo wowote saa saba mchana, jua likiwaka na wabebaji wakiwa wamechoka. Zege nzito ni ngumu kuisukuma kwa toroli na ngumu zaidi kuishindilia kati ya vyuma. Anayekoroga huongeza mtungi mmoja ili "ilainike". Zege ikawa laini kweli, ikateleza vizuri, kila mtu akafurahi. Lakini maji sasa ni lita 45 na uwiano umefika 0.9. Zege hiyo haitafikia hata nusu ya nguvu ambayo ingeipata. Itakauka, itapakwa plasta na rangi, na hakuna mpangaji atakayeujua udhaifu ulio ndani ya nguzo inayokibeba kitanda cha mwanawe.

Nani atamzuia mbebaji wa mtungi wa pili? Sheria inamtaja mhandisi, msanifu, mkaguzi wa kaunti na mwanakandarasi. Lakini katika ile nusu saa ya kumimina zege, atakayemzuia ni yule aliyepo, anayetambua kwa macho na kwa uzito wa sepetu kwamba mchanganyiko umekuwa uji, na mwenye ujasiri wa kusema, "Simamisheni." Ujasiri huo haupatikani kwa kutazama filamu. Mafundi wetu ni watu werevu. Humpima msanifu kijana kwa dakika 5 za kwanza, na wakigundua kwamba hajawahi kushika mwiko wala kutumia timazi, humwitikia "ndiyo bosi" kisha wakafanya wajuavyo wao.

Wala jambo hili si la mzaha. Itakumbukwa kwamba mwaka 1996 jengo la Sunbeam lilianguka katikati ya jiji la Nairobi na kuua watu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha kwa wingi, jengo la orofa 6 liliporomoka mtaani Huruma na kuangamiza roho zaidi ya 40. Septemba 2019, wanafunzi 8 walikufa darasa lao lilipoporomoka huko Dagoretti. Mtu anaweza kunijibu kwamba majengo mengi yanayoanguka hujengwa bila msanifu wala mhandisi halali, na kwamba lawama ni ya matajiri wenye pupa na maafisa wanaofumba macho. Nakubali. Lakini iwapo hao tunaowasomesha ndio tunaotarajia wawe tofauti na walaghai, basi tofauti hiyo haina budi kuwa ni zaidi ya cheti. Mteja maskini akimwona msanifu aliyehitimu hajui kuliko fundi wa mtaani, atamlipa kwa nini?

Mfano wa pili ni udongo. Maeneo makubwa ya Nairobi na viunga vyake, kama Embakasi na sehemu za Athi River, yana ule udongo mweusi unaonata ambao wakati wa mvua hunywa maji ukafura, na wakati wa kiangazi hukauka ukapasuka nyufa za kuingia mkono. Msingi uliowekwa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka mpaka kuta zikatika. Ndiyo sababu wajenzi wenye kuelewa huuchimba na kuuondoa mpaka wafikie tabaka gumu, kisha wakajaza mawe na murramu iliyoshindiliwa. Mwanafunzi aliyejifunza misingi kutoka kwa somo la nchi ya mbali aghalabu huambiwa achimbe mpaka apite kina ambacho barafu hugandisha ardhi. Atafaulu mtihani wa wenyeji wa huko, lakini nyumba yake ya Embakasi itapasuka kabla ya deni la benki kulipwa.

Na wa tatu utoke pwani. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, na mjenzi hakuweza kuuvuka. Kuta zile zenye chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Atokeapo kijana aliyejifunza mtandaoni kwamba ukuta wenye ufa hutibiwa kwa plasta ya saruji, akaupaka ukuta wa matumbawe, unyevu hufungiwa ndani, chumvi ikajikusanya na jiwe likaanza kumomonyoka. Angemwuliza mwashi mzee wa Lamu angeambiwa habari hiyo kwa maneno machache. Lakini maarifa ya mwashi huyo hayamo katika filamu ambazo kijana hupendekezewa. Nyingi anazoletewa ni za wenzetu, kwa kuwa wenzetu ndio waliojitaabisha kuzitengeneza.

Je, tufanye nini? Kwanza, mwalimu asiwatume wanafunzi mtandaoni kama anayewatuma sokoni bila kuwaambia cha kununua. Achague yeye mwenyewe somo au filamu, aitazame hadi mwisho, kisha awape wanafunzi maswali matatu ya kujibu kwa maandishi kabla ya kuruhusiwa kuchora chochote. Jengo hili liko wapi, na jua, mvua na udongo wa huko ni wa namna gani? Vifaa hivi vyapatikana hapa, na kwa bei gani? Ni kitu gani kitakachoharibika endapo ukuta huu utahamishiwa Garissa, Kericho au Kilifi? Mwanafunzi akiyajibu maswali hayo kwa makini, hata somo la nchi ya theluji litamfaa, kwa maana atajifunza sababu ya ukuta badala ya kunakili sura yake. Aidha, ayaweke majibu hayo kando ya Kanuni za Kitaifa za Ujenzi zilizotangazwa mwaka 2024, zilizochukua nafasi ya zile za mwaka 1968.

Pili, kila saa ya kioo ilipiwe kwa saa ya mikono. Sisemi kila chuo kijenge ghorofa. Nasema mwalimu aliyeonyesha filamu ya zege asubuhi awatoe wanafunzi uani alasiri. Wakoroge mafungu matatu: la kwanza liwe na maji nusu ya uzito wa saruji, la pili saba kwa kumi, la tatu tisa kwa kumi. Wachukue lile kopo la chuma lenye umbo la pia iliyokatwa ncha, kimo chake milimita 300, walijaze kwa matabaka matatu, kila tabaka walidunge kwa fimbo mara 25, kisha walivue na kupima zege ilivyoporomoka. Wafinyange vipande vya mraba vya milimita 150 kila upande, wavitie majini kwa siku 28, halafu wavipeleke kwenye mashine ya kuvunjia. Kipande chema cha nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba hubeba uzito wa takriban tani 57 kabla ya kuvunjika. Mwanafunzi akishuhudia kile chake alichokizidishia maji kikisagika mapema, hatausahau mtungi wa pili maisha yake yote.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, tuache kuwa wateja wa mtandao pekee. Vyuo vyetu vina walimu hodari, na kila mtaa una waashi waliojenga miaka 30. Kwa nini kazi ya mwaka wa pili isiwe ni kurekodi fundi mmoja akifanya jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho? Mmoja arekodi jinsi msingi unavyochimbwa katika udongo mweusi. Mwingine arekodi uchongaji wa mawe ya kujengea huko Ndarugo, mwingine uchomaji wa chokaa pwani, mwingine ufyatuaji wa matofali ya udongo uliotiwa saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Fundi aulizwe na makosa yake, tena alipwe kwa muda wake na jina lake litajwe akipenda. Kazi hizo zikikaguliwa na wahadhiri na wahandisi, kisha zikawekwa mahali pamoja mtandaoni, baada ya miaka 5 tutakuwa na hazina ambayo hata mwanafunzi wa Dodoma au Kampala ataitafuta.

Na lugha yake iwe Kiswahili bega kwa bega na Kiingereza. Lugha ya mjengo katika nchi hii ni Kiswahili. Timazi, pimamaji, mwiko, boriti na kiunzi ni maneno ya kazi yenye maana kamili. Msanifu asiyeyajua hawezi kutoa amri ikaeleweka, na amri isiyoeleweka katika mjengo ni hatari.

Nimesikia pingamizi mbili. Wapo wasemao kwamba madarasa yamefurika, saruji ni ghali, na wanakandarasi hawapendi wanafunzi waje kwenye mijengo yao kwa hofu ya ajali. Hayo ni kweli. Lakini fungu la zege la kundi la wanafunzi 10 halimalizi hata mfuko mmoja, na ukuta mfupi wa mawe unaweza kujengwa kwa udongo badala ya saruji, ukabomolewa na kutumiwa na kundi jingine wiki ifuatayo. Wapo pia wasemao kwamba ulimwengu mzima unaelekea mtandaoni na sisi tusibaki nyuma. Nawajibu kwamba hata hao waliotangulia hawajaacha kuwapeleka wanafunzi wao karakana. Walichotuwekea mtandaoni ni mihadhara yao. Karakana zao wamebaki nazo.

Kuna na suala la usawa ambalo walimu wasilisahau. Si kila mwanafunzi ana tarakilishi, na wengi hununua data kwa pesa za chakula. Somo la lazima lihifadhiwe katika maktaba ya chuo ambako litatazamwa bure, lisiachwe liwe faida ya mwenye simu kubwa.

Nanyi wanafunzi, msinung'unike mwalimu akiwaambia mvae viatu vizito na mje na sepetu. Tazameni mtandao, tena sana, maana aliyekatazwa kutazama atabaki gizani. Lakini kila mlionalo kiooni liulizeni: huku kwetu litasimama?

Yule kijana wa ukuta wa Kisumu hakufelishwa. Rafiki yangu alimrudishia mchoro, akamtuma akatembee mitaa ya Kisumu siku ya Jumamosi na kumwuliza mwashi yeyote maswali matatu. Alirudi na mchoro mwingine wenye kuta za matofali, baraza pana upande wa magharibi, na matundu ya hewa chini ya dari. Mistari yake haikunyooka kama ya kwanza, na karatasi ilikuwa na alama ya kidole chenye udongo. Mwalimu wake aliniambia kwamba hiyo ndiyo alama iliyomfurahisha kuliko zote alizotoa muhula huo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu uko darasani, na tuuzibe sasa, kabla hatujaitwa tena usiku wa mvua kufukua vifusi.